Tanga: Walitushusha mita 15 bila mafunzo, sasa wananiambia "dada, ulipaniki"

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Huu uzi nimeuandika mara tatu nikaufuta kwa hasira. Leo nauweka hivyo hivyo ulivyo. Ni mrefu, mnivumilie. Nataka kila anayefikiria kwenda kuzamia baharini kwa mtungi wa hewa kwa mara ya kwanza hapa Tanga ajue yaliyonikuta kabla hajatoa hela yake mfukoni.

Kampuni siitaji. Malalamiko nimeshayapeleka kwa maandishi na sitaki waje waseme nimewachafua mtandaoni kabla hawajajibu. Tafadhali msinifuate pembeni kuniuliza jina.

Mtoto wa kaka yangu alikuja kutoka Dodoma, likizo fupi ya mwezi wa tatu. Ana miaka 17, yuko kidato cha tano, na anapenda Baiolojia kuliko chakula. Tangu ateremke kwenye basi ni silikanti, silikanti, yule samaki ambaye wanasayansi waliamini katoweka zamani za kale, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Siku ya pili akaniletea simu: "Shangazi, ona hili tangazo." Limeandikwa, pumua chini ya maji, tembelea mwamba, ukutane na silikanti wa Tanga, huhitaji uzoefu wowote. Shilingi 180,000 kwa mtu, na mwalimu yumo humo humo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Laki tatu na sitini siyo hela ya kuokota. Lakini mtoto anakuja mara moja kwa mwaka, na mimi mwenyewe, nimezaliwa Mwambani, nimekula samaki wa mwamba ule maisha yangu yote, sijawahi kuyaona matumbawe yake kwa macho. Nikalipa.

Hapo hapo tulishadanganywa. Silikanti wetu kwa kawaida anakaa chini sana, karibu mita 100 na zaidi, kwenye mapango ya giza. Wavuvi wa Tanzania walianza kumtoa kwenye jarife, zile nyavu za papa, mwaka 2003 na 2004, na kwa ajili yake ndiyo hifadhi ya bahari ikatangazwa mwaka 2009. Anayejaribu kuzamia kwa mara ya kwanza mwisho wake ni mita 12. Yaani wanauza kitu ambacho mteja wao hawezi kukiona hata iweje, na wanakiuza kwa mtoto wa shule.

Tukatoka Raskazone saa tatu asubuhi. Ilikuwa siku mbili baada ya mwezi mpevu. Wa pwani mmenielewa: bamvua hiyo, maji yanajaa mpaka mwisho na kupwa mpaka mwisho, tofauti yake inapita mita tatu, na saa hizo yalikuwa yanatoka kwa kasi. Nikamuuliza mwongozaji, "Kaka, na mkondo huu?" Akasema huko kwenye mwamba kumetulia. Kwenye boti tulikuwa wateja sita: mimi na mwanangu, vijana wawili wa Dar, na mume na mke, wageni kutoka nje. Mume alikuwa mzamiaji tayari, ana vifaa vyake na saa yake ya kuzamia mkononi. Mke alikuwa anaanza kama sisi. Mwongozaji mmoja, nahodha, na kijana wa kushika kamba. Basi.

Karibu na kisiwa cha Yambe boti ikasimama kwenye fungu la mchanga, maji ya kifuani. Yule mama wa kigeni akashushwa, na mwongozaji akakaa naye zaidi ya dakika ishirini. Nilikuwa nawaangalia vizuri tu kutoka kwenye boti. Alimfundisha kupumua akiwa amepiga magoti. Akamwambia aitoe regulata mdomoni, ile ya kung'ata inayokuletea hewa, kisha airudishe. Akamjazia maji kwenye miwani ili ajifunze kuyatoa kwa kupuliza pua. Akamwonyesha ishara za mikono. Kazi nzuri kabisa, sina neno.

Nikavua khanga yangu nikijua zamu yetu inafuata. Akapanda kwenye boti, akamwambia nahodha twende.

"Na sisi?"

"Ah, nyie watu wa pwani bwana. Maji si mmezaliwa nayo? Nyie ni kushuka tu."

Nikamwambia huyu mtoto katoka Dodoma, kuogelea kajifunza mwaka jana. Akampigapiga bega akasema atamshika mkono. Wale vijana wa Dar wakacheka, nami nikanyamaza. Kunyamaza kule ndiko kunakoniumiza mpaka leo.

Sasa niwaeleze kwa nini maneno yale si utani tu wa kwenye boti. Binamu yangu anaongoza wazamiaji Unguja, tumezungumza kwa simu zaidi ya saa nzima, na alichonieleza kilinikosesha usingizi. Marehemu baba alikuwa mvuvi, alipiga mbizi kwa pumzi yake mwenyewe tangu utoto. Unavuta hewa juu, unabana, unashuka, unapanda, unaachia. Hewa ile inasinyaa ukishuka na kurudi kama ilivyokuwa ukipanda. Haina madhara. Ndivyo sote tulivyojifunza kuogelea huku: ukiingia chini, bana pumzi. Ukishtuka, bana zaidi.

Mtungi haufuati hesabu hiyo. Ukiwa mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, na hewa unayovuta inatoka kwenye mtungi ikiwa imeshindiliwa kiasi hicho hicho. Ukijaza mapafu kule, ukabana, ukapanda, ile pumzi moja inataka kuwa mbili ndani ya kifua kile kile. Pafu linaweza kupasuka. Ndiyo maana sheria ya kwanza kabisa, kabla ya yote, ni kwamba usibane pumzi, pumua mfululizo. Kwa hiyo mtu wa pwani, ambaye mwili wake umezoea kubana tangu ana miaka mitano, ndiye anayetakiwa kuonywa kuliko mtu yeyote! Sisi ndio tuliohitaji zile dakika ishirini. Tukanyimwa kwa sababu ya tulikozaliwa.

Vifaa navyo. Kitako cha regulata yangu, pale pa kung'ata, kilikuwa kimeliwa meno upande mmoja, nikawa nalazimika kukishikilia kwa mkono. Kifungo cha jaketi la mwanangu, lile linalojazwa hewa ili uelee, kilikuwa kimevunjika, kimefungwa kwa kipande cha kamba ya manila. Yeye ndiye aliyesoma geji, kile kipimo cha hewa iliyomo kwenye mtungi: "Shangazi, wangu unasema 130, wako?" Wangu ulisema 140. Mwongozaji akasema inatosha, hatukai sana. Mtungi uliojazwa vizuri unasoma kama 200. Kijana mmoja wa Dar alipiga picha zile geji zote zikiwa zimepangwa kwenye ubao, na hiyo picha nitairudia.

Tukashuka. Maji yalikuwa yamevurugika, huoni zaidi ya mita nne au tano. Sikio la kushoto likaanza kuuma mapema sana. Hakuna aliyetuambia kwamba unatakiwa kubana pua na kupuliza taratibu kila unaposhuka kidogo, tena kabla maumivu hayajaanza, na kwamba zile mita za mwanzo ndizo zenye mabadiliko makubwa kuliko zote. Nilimwonyesha sikio. Akanifanyia mkono wa kushuka chini, kama anayesema tulia. Nikashuka. Lilikuwa kama njiti inasukumwa ndani polepole, kisha kukawa na mlio mdogo, tii, maumivu yakapungua ghafla na dunia yote ikazunguka. Nikashika jiwe. Sijui juu ni wapi, sijui chini ni wapi. Mbele ya jicho langu, kwa karibu kabisa, samaki wadogo wa buluu wanaingia na kutoka kwenye tawi la tumbawe. Nikajilazimisha kuwatazama wao ili nisitapike.

Nilipogeuka nikamwona mwanangu. Mwongozaji alikuwa amemfanyia duara la vidole, kumuuliza kama yuko salama. Mtoto hakujua ishara ile. Akajibu kama kijana yeyote wa Tanzania anavyojibu: akainua dole gumba. Kwetu huko ni kusema safi, poa kabisa. Chini ya maji dole gumba juu maana yake ni nipandishe. Mwongozaji akalijaza hewa jaketi lake na kumwachia. Hakupanda naye. Mtoto akaondoka kama boya lililokatika kamba.

Wakuu, sijui niwaelezeje. Ile nyayo ya mguu wake ikipotea kwenye ukungu wa maji naiota.

Nikapiga miguu nikamfuata, kwa pupa, kinyume cha kila kanuni ninayoijua sasa. Unatakiwa upande taratibu, mita 9 kwa dakika, ukipumua. Nilimkuta juu anakohoa, mkondo umeshamsogeza mbali na boti, miwani imemtoka usoni. Kilichomwokoa, binamu anasema, ni kwamba alikuwa anapiga kelele njia nzima, anaita "Shangazi", na anayepiga kelele hawezi kubana pumzi. Kwenye miwani yangu kulikuwa na damu. Yule mgeni mwenye saa alinionyesha kilichorekodiwa tulipokuwa sote chini: mita 15.2.

Sasa sikilizeni hili, kwa sababu hapa ndipo nilipoacha kuwa mnyonge. Tunarudi, mimi nimelaza kichwa, yule kijana wa kamba akaleta fomu za afya tusaini. Fomu ambazo hujazwa kabla hujagusa maji! Na tarehe na saa zilishaandikwa, saa mbili asubuhi. Swali mojawapo: je, umewahi kuwa na pumu? Mwanangu alikuwa na pumu mpaka darasa la nne. Alikuwa analala na dawa ya kuvuta chini ya mto. Ningeulizwa asubuhi, asingeshuka, ningetaka kwanza daktari aseme. Wao walikuja kuuliza baada ya kumrusha kutoka chini kama mpira. Sikusaini. Mtoto naye nikamwambia aweke kalamu chini.

Na wale vijana wa Dar walikuwa na ndege saa kumi jioni siku ile ile. Inashauriwa usipande ndege kabla ya masaa 12 angalau. Hawakuambiwa. Niliwaambia mimi baada ya kuongea na binamu, nikiwa kwenye foleni ya hospitali, kwa namba waliyoniachia. Tangu siku ile namba hiyo haipatikani tena.

Daktari alisikiliza kifua cha mtoto kwa muda mrefu, akasema kiko salama, akamweka chini ya uangalizi mpaka usiku. Mimi ngoma ya sikio imechanika. Inajiponya yenyewe kwa wengi, ila inachukua wiki kadhaa na maji yasiingie kabisa. Leo ni wiki ya tano. Darasani nina watoto wa safu ya kushoto, wakiniita lazima nigeuze kichwa chote, na kuna mmoja ana sauti ndogo sana, ameacha kunyoosha mkono kwa sababu anadhani simtaki.

Kampuni nilipowapigia, jibu: "Dada, ulipaniki, woga ni kawaida kwa wanaoanza." Wakataka kunirudishia nusu. Nimekataa. Woga wa mtu anayeanza ndio niliowalipa waushughulikie. Waliulea vizuri sana wa yule mama, kwa sababu kalipa kwa dola. Mapafu ya mwanangu hayana bei ya wenyeji.

Ninachotaka ni gharama za matibabu, maelezo ya maandishi kuhusu zile fomu, na wasishushe mtu anayeanza bila kumpitisha pale kwenye fungu. Na mwalimu mmoja asichukue wanaoanza zaidi ya wanne, tena siku ya bamvua maji yakiwa hayaonekani hata wanne ni wengi.

NYONGEZA: Mdau ameuliza kama kuzamia kwenyewe ni hatari, watu waache. Hapana. Mtoto wa miaka 10 anaruhusiwa kujaribu akisimamiwa vizuri. Msimu wa kaskazi kuna siku maji yetu yanatulia na kung'aa, na mwanangu pamoja na yote bado anauliza atarudi lini. Shida yangu ni hawa na walichotufanyia.

NYONGEZA 2: Wale vijana wawili wa Dar, mmoja alivaa jezi nyekundu, mwingine ana kovu dogo kwenye kidevu. Kama mnasoma hapa, au kama kuna anayewafahamu, nina shida na ile picha ya geji. Nitumieni ikiwa kama ilivyotoka kwenye simu, msiikate, ili saa iliyopigwa ionekane.