Tupeane uzoefu: nyasi za asili kama pambo bustanini, wewe zilikushinda wapi?

jembe_butu:
Wakuu, naanza mimi. Miaka minne iliyopita nilichoka na zulia la nyasi fupi, kukata kila wiki na kumwagilia kila jioni. Nikaling'oa, nikapanda Themeda triandra, zile nyasi za mbugani zenye mashuke ya wekundu wa kutu. Kwao ni Afrika, Asia na Australia. Kilichoniponza ni huruma: nilizipa samadi kama mahindi, na maji juu yake. Zikanenepa, nikajisifu. Mvua ya kwanza kubwa ikazilaza zote chini, utadhani ng'ombe kalala hapo. Mbolea nyingi huzipa majani mengi teketeke yasiyoweza kujibeba. Msimu uliofuata sikuzipa kitu, zikasimama wima. Haya, leteni yenu.

mama_vyungu:
Mimi mbegu. Nilizikusanya, nikazipanda siku hiyohiyo, nikamwagilia wiki sita. Kimya! Nikasema mbegu mbovu. Zilizobaki nikazisahau kabatini ndani ya bahasha karibu mwaka mzima, na hizo ndizo zilizoota. Kumbe mbegu za Themeda zikitoka kwenye shuke huwa zimelala, zinataka miezi kadhaa pakavu kwanza. Kuna wanaozifukiza moshi ili ziamke, kwa sababu ni nyasi za maeneo yanayopitiwa na moto.

Halafu kuna kile kiunywele kirefu cha mbegu, kimejisokota kama kamba. Kikilowa kinajisokotoa, kikikauka kinajisokota tena, na mzunguko huo ndio unaoichimbia mbegu ardhini. Wanangu huweka moja kiganjani, wakaidondoshea tone la maji, basi ni vicheko. Soksi zangu hazicheki.

fundi_ukuta:
Subira ya mbegu sina. Mimi nagawa shina mvua zikianza: nachimba kichaka kizima, nakipasua kwa jembe vipande vya ukubwa wa ngumi, kila kimoja na mizizi yake. Majani nayapunguza yabaki shibiri moja, kisha napanda papo hapo. Mara ya mwisho vipande 12, vikafa 2, navyo niliviacha juani nikaenda kupokea simu.

nyasi_kavu:
Wengi mnasema ziacheni zijitunze. Mimi nilifanya hivyo miaka mitatu kwa kuwa zilikuwa zinapendeza hata zikiwa kavu, na ndege walikuwa wanachuma majani ya kujengea viota. Mwaka wa nne katikati ya kila kichaka pakafa, ikabaki duara ya kijani yenye kipara. Nyasi hizi zimezoea kuliwa na wanyama na kuunguzwa. Zisipopunguzwa, majani makavu hurundikana na machipukizi hayaoni jua. Sasa nakata mwisho wa kiangazi, chini kabisa, karibu upana wa kiganja kutoka ardhini, kabla machipukizi mapya hayajatoka. Wiki ya kwanza bustani inatia huruma, wageni huniuliza kama nahama.

jembe_butu:
Hapo kwenye "kuunguzwa" naomba tusielewane vibaya. Mkasi unatosha jamani, nyumba iko pembeni!

mgeni_bustanini:
Langu ni la aibu kidogo. Niliuziwa nyasi zenye mashuke marefu laini kama mkia wa paka, nikaambiwa ni za asili. Asili ya wapi sikuuliza. Nilipopata jina lake la kitaalamu, Pennisetum setaceum, nikakuta ni kweli ni ya asili, ila kaskazini na mashariki mwa Afrika na upande wa Asia ulio jirani. Mimi siishi huko. Kule Hawaii na Arizona imekuwa kero: inasambaa, ikikauka inashika moto haraka, na baada ya moto inachipua kabla ya mimea ya wenyeji. Zangu zimeshavuka ukuta kwa upepo, jirani anazisifia na anataka miche. Nimjibu nini?

fundi_ukuta:
Kata mashuke leo kabla hayajakauka, yatie kwenye mfuko uufunge. Halafu ng'oa na mizizi, za kwako na za kwake. Usizirushe kwenye rundo la mboji.

mama_vyungu:
Na usiende kwa jirani mikono mitupu. Tafuta nyasi ya asili ya hapo mlipo, umpelekee kishina kimoja chenye mizizi. Asiitie samadi tu.