Mjadala: Aliyekufufua ana haki ya kukutuma? Kesi ya Abel, mungu wa jua wa Saint Seiya

MLETA MADA

Wakuu, heshima kwenu. Kila Saint Seiya, ile katuni ya Kijapani, inapotajwa, maongezi huishia kwenye nani angempiga nani. Leo naomba tuzungumze jambo ambalo kwangu ni zito kuliko hilo. Mtu akikutoa kaburini akakurudishia uhai, amepata haki ya kukutuma ufanye uovu? Na ukimkatalia, tukuite msaliti?

Kwa wasioijua filamu ninayoizungumzia, ile ya Abel: ni ya tatu katika mfululizo huo, imetengenezwa na Toei Animation ya Japani kutokana na katuni za Masami Kurumada, na ilitoka Julai 1988. Ina dakika 75. Adui ni Abel, mungu wa jua, mwana wa Zeus na kaka yake Athena. Zamani za kale alitaka kumpiku baba yake. Zeus na Apollo wakamwangamiza, kisha wakalifuta jina lake lisikumbukwe na yeyote. Sasa amerudi. Anasema wanadamu wameoza na atawafagia, kama Zeus alivyowafagia kwa gharika enzi za Deucalion, yule aliyeokoka gharika katika visa vya Wagiriki. Ana walinzi wake watatu, Atlas, Jao na Berenike, na juu ya hao amewafufua wapiganaji watano wa dhahabu waliokufa kwenye vita vya Patakatifu, makao ya Athena: Saga, Camus, Shura, Deathmask na Aphrodite.

Athena, ambaye duniani ni binti aitwaye Saori, anakwenda na kaka yake, na vijana wake wa deraya za shaba, Seiya na wenzake kina Shiryu na Hyoga, anawaambia hawahitaji tena. Inaonekana amewatupa. Kumbe anataka kupambana na Abel peke yake ili asiwaponze. Anamshambulia, anashindwa, roho yake inapelekwa Elysion, pepo ya wafu wa Wagiriki. Hapo ndipo Camus na Shura wanapomwasi Abel, aliyewafufua. Wanakufa mara ya pili.

Wapo wanaowaita wawili hao wasaliti. Hoja yao ni kwamba walikuwa maiti, wakapewa uhai, deraya zao na heshima yao, halafu wakamwinulia mkono aliyewapa. Fadhila ya punda mateke. Naipinga hoja hiyo kwa nguvu zangu zote.

Tuangalie kwanza walivyokufa. Shura wa Capricorn alikuwa akipigana na Shiryu, Shiryu akamshika wakapaa pamoja angani ili wateketee wote wawili. Huko juu ndiko Shura alipotambua kwamba kijana yule anakufa kwa ajili ya Athena wa kweli, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa upande wa uongo. Akamvisha deraya yake, akamrudisha duniani, akaungua peke yake. Camus wa Aquarius alikufa akipigana na mwanafunzi wake Hyoga, akimsukuma mpaka aifikie baridi ya nyuzi 273 chini ya sifuri, kwa sababu hilo ndilo somo alilokuwa hajamaliza kumpa. Watu hawa wawili waliyafunga maisha yao ya kwanza wakiwa wameshajua ukweli. Abel aliwarudishia mwili. Walichokijua hakuwapa yeye, na hakuwa na uwezo wa kukiondoa.

Mtazame Deathmask sasa. Deraya yake mwenyewe ilimvuka katikati ya vita kwa sababu ya maovu yake, akafa hajajifunza kitu. Alipoamka alimtumikia Abel bila kusita. Uhai wa pili haukumbadilisha hata mmoja wao. Kila mtu aliamka vile alivyolala.

Halafu tuseme wazi: Abel hakumpa mtu zawadi. Alihitaji askari, akawachukua waliokufa kwa aibu, akihesabu kwamba mwenye aibu atamshukuru yeyote anayemsafishia jina. Kitu ambacho hukuulizwa kama unakitaka, chenye bei ambayo hukuambiwa, ni deni ulilobandikwa ukiwa umekufa. Nani angelikubali deni la namna hiyo, kadhi au hakimu?

Nawasilisha.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, umeandika kwa uchungu na ninauheshimu, ila umemhukumu Abel bila kumsikiliza. Hakuuawa tu. Alifutwa. Kuuawa na kufutwa si kitu kimoja, na hili la kufutwa si ndoto ya watunga filamu.

Misri, karne ya 14 kabla ya Kristo, Farao Akhenaten aliinua ibada ya Aten, duara la jua, juu ya miungu mingine yote, akamjengea mji mpya mahali ambapo leo panaitwa Amarna. Alipokufa mji ukahamwa, mahekalu ya Aten yakabomolewa, mawe yake yakatumika kujazia kuta za majengo mengine, na jina la Akhenaten likachongolewa lisisomeke. Pale Abydos, orodha ya wafalme iliyochongwa zama za Seti wa Kwanza inaruka kutoka Amenhotep wa Tatu mpaka Horemheb. Akhenaten hayumo. Tutankhamun hayumo. Ni watafiti wa karne ya 19 walioyafukua mabaki hayo na kuyasoma ndio waliomrudishia mahali pake katika historia.

Sasa mpe mtu aliyefanyiwa hivyo uhai na nguvu za jua, umwambie akae kimya. Filamu inatupa kisa chake kwa maneno machache, halafu inakimbilia ngumi. Zeus hajibu lolote. Apollo hajibu lolote. Mnyonge wa kwanza katika kisa hiki ni Abel mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza. Kuhusu Camus na Shura sina ugomvi na wewe. Ninachokataa ni kumfanya Abel mwovu tangu mwanzo.

MCHANGIAJI WA PILI

Wanangu, mimi ni mzazi, niko Mombasa, na filamu hiyo niliitazama nikiwa nimekaa na mwanangu mdogo, kwa hiyo nasema ninachokijua. Kwanza sifurahii mtoto aone kiumbe anaitwa mungu halafu kijana anampiga mshale anakufa. Mtoto atauliza, na asipopata wa kumjibu atajijibu mwenyewe. Sisemi ipigwe marufuku. Nasema mzazi akae pale, asimwachie televisheni kazi yake.

Pili, jina. Katika visa vya Wagiriki hakuna mungu wa jua aitwaye Abel. Wao walikuwa na Helios, na baadaye jua wakamhusisha Apollo. Abel ndiye Habili, mwana wa Adamu, aliyeuawa na ndugu yake bila hatia. Watunzi wamechukua jina la aliyedhulumiwa wakampa anayetaka kuangamiza dunia nzima. Kwa mtoto wa dini yoyote kati ya zetu hilo linachanganya.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi, hii habari ya gharika. Abel anasema atafanya kama ilivyofanywa zamani. Sisi tunaijua gharika. Nabii Nuhu alikaa na watu wake miaka elfu kasoro hamsini akiwaonya, usiku na mchana, kabla ya tone moja kushuka. Abel ametuma nani? Amemwonya nani? Anaamka leo, anahukumu leo, anataka kuua leo. Msimfananishe na yale. Adhabu isiyotanguliwa na onyo ni dhuluma, hata kama anayeitoa anang'aa.

MCHANGIAJI WA TATU

Niko Bujumbura, salamu kwa wote. Sisi tuliwajua vijana hawa kwa Kifaransa. Ufaransa ilianza kuwaonyesha mwaka 1988 katika kipindi cha watoto cha Club Dorothée, kupitia televisheni ya TF1, na haukupita muda kelele zikaanza. Mwaka 1989 Ségolène Royal, wakati huo mbunge, alichapisha kitabu kizima cha kulalamikia katuni za Kijapani na ukatili wake. Kwa hiyo mama wa Mombasa si wa kwanza kuwa na wasiwasi, ingawa wa kwake una hoja nzito zaidi: walioandika kule waliona damu, wachache waliona swali.

Na swali lenyewe, mleta mada, umeliacha kwenye katuni wakati linatuhusu huku nje. Ni mara ngapi watu wameambiwa: sisi ndio tuliowatoa gizani, bila sisi msingekuwepo, basi nyamazeni? Mpigania uhuru anayetaka ashukuriwe mpaka kwa wajukuu. Mfadhili anayejenga kisima halafu anataka kijiji kipige kura anavyotaka. Abel ni huyo. Ndiyo maana naona kosa kubwa kumwonea huruma kupita kiasi kama alivyofanya mchangiaji wa kwanza.

Lakini nawe nakupinga mahali pamoja. Shujaa si Camus wala Shura. Walimrukia Abel uso kwa uso, wakauawa na walinzi wake, na Abel hata mkwaruzo hakupata. Saga alikuwa na akili. Alibaki, akavumilia kuonekana mtumwa wa Abel, na alipoamua kutoa maisha yake yakawa na faida kwa Seiya. Ukipambana na mwenye nguvu kiasi kile, hasira ya haki haitoshi. Unahitaji subira, na uko tayari watu wakuone mbaya mpaka siku ifike.

MCHANGIAJI WA NNE

Nachangia kidogo tu. Angalieni Abel anavyokufa. Seiya amevaa deraya ya dhahabu ya Sagittarius na anamwua kwa mshale. Kwa Wagiriki, mwenye upinde alikuwa Apollo. Homer, mshairi wao wa kale, anaanza kisa cha vita vya Troya kwa Apollo kuwapiga Wagiriki mishale ya tauni siku tisa mfululizo kwa sababu walimvunjia heshima kuhani wake, Chryses. Jeshi zima liliadhibiwa kwa kosa la mfalme mmoja, Agamemnon. Huyo ndiye mungu wa jua wa zamani, anapiga wasiohusika. Filamu imeugeuza upinde, na safari hii wanaopigwa mishale ndio wanaoushika. Mimi naona hapo watunzi walijua walichokuwa wanafanya.

MLETA MADA

Nashukuru kwa michango yote.

Mchangiaji wa kwanza, kisa cha Akhenaten kimenigusa, na kufutwa nakubali ni dhuluma. Lakini fuata kidole chako mwenyewe. Nani alimfuta Abel? Zeus na Apollo. Abel anafufuka na nguvu zote zile, je, anapanda Olimpo, mlima wa miungu? Hapandi. Waliomdhulumu anawaacha kwenye viti vyao, anawageukia wakulima na wavuvi ambao hata jina lake hawajawahi kulisikia, kwa sababu baba yake alihakikisha hawatalisikia. Mchangiaji wa nne ameshaonyesha mahali tabia hiyo inapotoka. Ningemsimamia Abel katika kesi dhidi ya Zeus. Katika kesi hii sina la kumtetea.

Mama, hoja yako ya onyo ni bora kuliko zote nilizoleta mimi. Naongeza kidogo tu: hata katika kisa cha Wagiriki wenyewe, Deucalion alionywa na baba yake, Prometheus, akaunda safina, akabaki na mkewe Pyrrha. Abel hakukusudia kumbakisha mtu.

Ndugu wa Bujumbura, kuhusu Saga hatutaelewana. Subira yake ilimwezekana kwa kuwa wenzake walikuwa wameshamlazimisha Abel aonyeshe sura yake. Hadi Camus na Shura wanasimama, kila aliyefufuliwa angeweza kujiambia kwamba hana njia nyingine. Baada yao hakuna aliyeweza kusema hivyo, Saga akiwemo. Walikuwa wawili, hawakuwa na matumaini ya kushinda, na bado walikataa mbele ya yule aliyeshika pumzi yao. Usilipime hilo kwa mikwaruzo.

Jambo moja hatujaligusa, nami naliona gumu. Athena aliwaficha vijana wake mpango wake, akawaamulia nani aishi na nani afe, akisema ni kwa faida yao. Seiya alikatazwa akaenda hata hivyo. Kama tunamlaumu Abel kwa kuwaamulia watu bila kuwauliza, Athena tunamsemaje? Mimi nasema alikosea, na kwamba Seiya alikuwa na haki ya kumkatalia kama Camus alivyokuwa na haki ya kumkatalia Abel. Anayeona tofauti kati ya hao wawili aje aieleze hapa.