Kujifunza kupiga polishi ya gari kwa mashine: mzunguko mmoja, mizunguko miwili au ya gia?

MwanafunziWaPolishi

Ndugu wanachama, ninaomba ushauri kabla sijatoa fedha. Gari langu ni jeusi, na kila linapopigwa na jua huonyesha mikwaruzo myembamba ya mviringo iliyotapakaa bodi nzima, kana kwamba lilisuguliwa kwa mchanga laini. Nimejaribu kampaundi, yaani dawa ya kusugua rangi, kwa mkono, na baada ya saa mbili nilichopata ni bega linalouma na kipande cha mlango kilicho afadhali kidogo. Sasa nataka kujifunza mashine, lakini nimekuta aina tatu zinazozungumzwa: ile ambayo padi, yaani sponji au sufu ya kusugulia, huzunguka mahali pamoja tu, ile ya mizunguko miwili ambayo padi yake huzunguka kwa uhuru, na ile ya mizunguko miwili inayoendeshwa kwa gia. Zaidi ya hizo kuna kifaa cha kufunga kwenye drili. Ninaomba zilinganishwe kwa kumfikiria mtu ambaye hajawahi kushika yoyote kati yake.

MkonoMtulivu

Karibu. Nianze na drili ili tuiondoe njiani: imeundwa kusukumwa kwenda mbele, si kubeba uzito unaoivuta upande, na haina mshiko wa kuiwezesha mikono miwili kuiweka padi ikiwa imelala sawasawa juu ya bodi. Padi ikiinama hula rangi kwa ukingo mmoja. Iache kwa kazi ya kutoboa.

Tofauti ya zile tatu hutokana na jinsi nguvu ya mota inavyoifikia padi. Mashine ya mzunguko mmoja huizungusha moja kwa moja kwenye mhimili, kwa kawaida kati ya mizunguko 600 na 3,000 kwa dakika, kwa hiyo hata ukiibana kwa nguvu haisimami, na joto hujilimbikiza pale pale ulipo. Mashine ya mizunguko miwili ya aina huru huipeleka padi kwenye mzingo mdogo wa milimita 8, 15 au 21 kutegemea mashine, wakati padi yenyewe inazunguka polepole kwa sababu ya mwendo huo tu, bila kusukumwa na gia. Ukiikandamiza mno, au ikipanda kwenye tumbo la bodi, huacha kuzunguka na kubaki ikitetemeka. Watu hulalamikia jambo hilo kama udhaifu, ilhali kwa mwanafunzi ndilo linalomwokoa, kwa kuwa kosa lake huishia kwenye kazi isiyoendelea badala ya rangi iliyoungua. Ile ya gia hufanya mizingo hiyo hiyo lakini padi hulazimishwa kuzunguka, hivyo haisimami kwenye kona na hukata haraka zaidi, ingawa hutetemesha mikono na huelekea kutembea yenyewe juu ya bodi.

Kwa swali lako, jibu langu ni ya aina huru, yenye sahani, yaani bamba linaloshika padi, ya milimita 125. Kabla ya kuanza, piga mstari mmoja kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa sahani. Ukiona mstari unazunguka, unafanya kazi. Ukiona umesimama, punguza mkandamizo au inyooshe mashine. Mstari huo utakufundisha zaidi ya maelezo yangu yote.

FundiMkongwe

Ninamheshimu MkonoMtulivu, lakini sikubaliani naye moja kwa moja. Nilijifunza kwa mashine ya mzunguko mmoja na padi ya sufu wakati ambapo hakukuwa na nyingine, na ninaamini kwamba anayeanza na mashine inayosamehe kila kosa hukawia kupata hisia ya mkono. Mashine ya mzunguko mmoja hukuambia kila kitu: huvuta kulia au kushoto kulingana na unavyoiinamisha, sauti yake hubadilika kampaundi inapokauka, na ukiweka kiganja kwenye bodi unajua papo hapo kama umekaa mahali pamoja kupita kiasi. Kwa mikwaruzo mizito, na kwa kuondoa alama za msasa namba 2000 baada ya kupaka rangi upya, bado sijaona kinachoifikia kwa kasi.

Nikubali mawili, hata hivyo. Kwanza, kwenye rangi nyeusi sufu huacha vivuli vinavyoonekana kama mawimbi mwanga unapopita juu yake, na ni lazima ufuate na padi laini ya sponji ili kuviondoa. Pili, niliwahi kuichoma kona ya bampa kwa sekunde chache tu, kwa sababu plastiki haisambazi joto kama bati. Kwa hiyo nisingemwambia mtu ajifunzie kwenye gari lake mwenyewe. Tafuta boneti chakavu iliyotolewa kwenye gari lililogongwa, ifunge juu ya meza, na uiharibu upendavyo.

BampaNyeupe

Ninayo ile ya gia na nimeitumia kwa miaka miwili. Inakata vizuri, lakini saa ya kwanza nilihisi kama ninamfuga mbuzi aliyekataa kamba. Kwa gari moja la nyumbani linalopigwa polishi mara chache sana, sioni sababu ya kuanzia hapo.

KipimoKwanza

Mazungumzo yamekaa sana kwenye mashine, wakati padi na kampaundi ndizo zinazoamua kiasi cha rangi kinachoondoka. Mashine ya aina huru ikiwekwa padi ya maikrofaiba na kampaundi kali huweza kukata zaidi ya mashine ya mzunguko mmoja iliyowekwa sponji laini na polishi ya kumalizia. Hilo lina maana kubwa kwa sababu klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi, kwenye magari mengi yaliyopakwa kiwandani lina unene wa takriban mikroni 40 hadi 50 tu, pungufu ya unywele. Ndani yake ndimo kuna kinga dhidi ya miale ya jua, hivyo gari linaweza kuonekana zuri leo baada ya kusuguliwa kupita kiasi, kisha klia ikaanza kubabuka baadaye.

Kwa hiyo ninafuata utaratibu wa jaribio dogo. Baada ya kuosha na kupitisha udongo maalumu wa kunasa uchafu uliojishika kwenye rangi, ninachagua eneo la sentimita 50 kwa 50, ninabandika tepu ya karatasi kwenye kingo na plastiki nyeusi zilizo karibu, kisha ninaanza na padi laini na polishi nyepesi. Nikipita mara nne hadi sita, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia, ninapangusa kwa spiriti iliyochanganywa na maji ili mafuta ya polishi yasinidanganye kwa kujaza mikwaruzo, halafu ninamulika taa. Iwapo haijatosha, ndipo ninapanda ngazi moja, na kwa kawaida ninabadilisha padi kabla ya kubadilisha kampaundi. Mkwaruzo unaonasa ukucha sihangaiki nao. Kuufuata hadi chini ni kuimaliza klia.

Ukipata kipimo cha unene wa rangi, kitumie, lakini elewa kwamba vile vya kawaida husoma rangi yote kwa pamoja bila kutenganisha klia, na havisomi kwenye bampa za plastiki. Faida yake kubwa ni kulinganisha: mlango unaosoma chini sana kuliko mwenzake huenda ulishapigwa polishi kwa nguvu zamani.

MkonoMtulivu

Nakubaliana na KipimoKwanza, na ninaongeza mwendo wa mkono, kwa sababu karibu kila mwanafunzi hukimbia. Sentimita 2 hadi 3 kwa sekunde zinatosha. Safisha padi kwa brashi baada ya kila eneo, kwa maana padi iliyoshiba kampaundi haikati, bali huteleza na kupata joto. Fanya kazi kivulini, bodi ikiwa imepoa.

MwanafunziWaPolishi

Nimerudi na matokeo. Niliazima mashine ya aina huru na kupata boneti chakavu nyekundu kama alivyoshauri FundiMkongwe. Mstari wa kalamu ulinifedhehesha: nusu ya saa ya kwanza padi ilikuwa imesimama karibu muda wote, nami nikidhani ninafanya kazi. Nilipolegeza mikono ilianza kuzunguka, na katikati ya boneti sasa pana kipande kinachong'aa kama kioo. Kilichonitisha ni kwamba padi imegeuka nyekundu kabisa. Je, nimeimaliza klia?

FundiMkongwe

Kama padi ilianza kuwa nyekundu tangu mpito wa kwanza, na boneti yote inafanya hivyo, hiyo ni rangi ya tabaka moja isiyo na klia, na rangi kuhamia kwenye padi ni jambo la kawaida. Kama ilikuwa safi kwa muda, kisha wekundu ukatokea mahali pamoja tu, hapo umetoboa. Kwenye gari lako jeusi jaribu kwanza kwa kitambaa cheupe na polishi kidogo, mahali palipojificha na palipooshwa vizuri. Kikitoka cheupe, lina klia, na tangu hapo padi ikionyesha rangi nyeusi zima mashine.

MwanafunziWaPolishi

Ilianza tangu mpito wa kwanza, boneti nzima. Nimejaribu kitambaa cheupe chini ya kifuniko cha tangi la mafuta kwenye gari langu, na kimetoka cheupe. Nitaanza na paa, padi laini, eneo moja tu.