Glenn Tipton kupanda jukwaani kwa nyimbo tatu tu: tunamshangilia au tunamtesa?

NyuziSaba (mtoa mada)

Wakuu, habari za saa hizi. Jana usiku nilikuwa naangalia video za Judas Priest, bendi ya metali ya Uingereza, za miaka ya karibuni, zile za mwisho wa shoo, nikalala vibaya.

Wanaofuatilia wanajua. Februari 2018 Glenn Tipton, mpiga gitaa wao, alitangaza kwamba ana ugonjwa wa Parkinson, na kwamba aligundulika nao miaka kumi kabla ya hapo. Yaani miaka yote ile tunamwona anacharaza, tayari anao. Mwezi uliofuata ikatoka albamu ya Firepower, ziara ikaanza, na nafasi yake jukwaani akashika Andy Sneap, mmoja wa maprodyuza wa albamu hiyo hiyo. Tipton akawa anatokea mwishoni tu, siku anazojisikia vizuri.

Sasa kwenye hiyo video kamera ikamsogelea mkono wa kulia. Wakuu, mimi gitaa nimejifunza kwa kumwangalia yule mzee. Solo yake ya "Beyond the Realms of Death" ya 1978 niliirudisha nyuma mpaka jirani akaja kugonga mlango. Mkono ule ule nikauona unazishukia nyuzi kama mtu anayepapasa swichi gizani. Nikazima simu.

Swali langu: hii ni sawa kweli? Anapanda kwa kupenda mwenyewe au ni sisi mashabiki tunamvuta kwa makelele yetu? Binafsi ningependa kumkumbuka alivyokuwa. Msinirukie, nauliza tu.

ChumaKizito

Mkuu, mtu anakaribia miaka 80, si mtoto wa kukatazwa. Bendi kaingia 1974. Akitaka kupanda apande, na wewe usiyetaka kuona fumba macho, wimbo utausikia tu.

Mzee_wa_Besi

Mtoa mada, hoja yako ina uzito ila umeanzia mwisho wa hadithi.

Kwanza, hao Priest wenyewe hawakujua wafanye nini. Januari 2022 walitangaza kwamba wataendelea wakiwa watu wanne, yaani Sneap atoke na gitaa libaki moja tu, la Richie Faulkner. Mashabiki waliwaka moto. Priest bila magitaa mawili ni Priest gani? Haikuisha wiki, wakageuza uamuzi, Sneap akarudi. Rob Halford, mwimbaji wao, alikuja kusema wazo lile lilikuwa lake. Kwa hiyo ukiuliza kama makelele ya mashabiki yana nguvu, jibu ni ndiyo, na safari ile yalimrudisha kazini mtu mzima wa afya.

Halafu uliza nani hasa ni mgonjwa kwenye bendi ile. Halford mwenyewe alipata saratani ya tezi dume 2020 akatibiwa. Na Faulkner, kijana wao, miaka 41, mshipa mkuu wa damu ulimpasukia kifuani akiwa jukwaani Louisville, Septemba 2021, katikati ya "Painkiller". Aliumaliza wimbo! Akaenda kufanyiwa upasuaji wa saa zaidi ya kumi. Wakati huo sisi macho yote kwa Tipton.

Kuna wanaoendelea na kuna wanaoachia. Malcolm Young, mpiga gitaa wa bendi ya AC/DC, kwenye ziara ya Black Ice, alikuwa anajifunza upya nyimbo alizozitunga mwenyewe kwa sababu kumbukumbu ilikuwa inamtoka. 2014 akaacha, 2017 akafariki. Hakuna aliyemlaumu kwa kuendelea, wala kwa kuacha.

Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, ndiye ninayempenda zaidi kwa habari hizi. Akiwa na miaka 17, mashine kiwandani Birmingham ilimkata ncha za vidole viwili. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni akajitengenezea vifuniko vya vidole, baadaye akawa analegeza nyuzi ili zisimuumize, na ule mlio mzito tunaouita metali sehemu yake kubwa umetoka hapo. Mtu wa namna hiyo ukimwambia 2012 kwamba ana saratani ya limfoma, atakuambia sawa, ziara tuipange kuzunguka siku za matibabu. Ndivyo walivyofanya. Albamu ya Sabbath ikatoka 2013 na shoo ya kufunga wakapiga Birmingham kwao, Februari 2017.

Na Ozzy Osbourne, mwimbaji wa Sabbath, je? Naye alikuwa na Parkinson. Tarehe 5 Julai 2025 aliimba amekaa kwenye kiti cha enzi uwanja wa Villa Park. Tarehe 22 amefariki. Ungemwambia abaki nyumbani?

ChumaKizito

Hapo kwa Ozzy sina la kuongeza. Nililia kama mjinga.

BintiWaRidhimu

Kaka NyuziSaba, mimi sikurukii. Ila najibu kama mtoto wa mgonjwa, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Baba alikuwa mpiga gitaa la ridhimu miaka mingi, bendi za wikiendi, hakuna anayemjua. Watu wakisikia Parkinson wanawaza kutetemeka. Sisi ya baba tuliisikia kabla ya kuiona. Mkwaruzo wa kushuka ulikuwa sawa, wa kupanda unachelewa, kidogo tu, kama mtu anayevuta mguu. Mpiga ngoma wao akawa anamlaumu kwamba hapati usingizi wa kutosha. Mwandiko wake nao ukawa unapungua ukubwa kila mstari, mpaka sahihi ikabaki kama chungu wamepita. Daktari wa kwanza akasema bega limekaza, akampa mazoezi. Ilipita karibu miaka miwili kabla ya mwingine kumwambia atembee kwenye korido, akaona mkono mmoja hauyumbi.

Kinachotokea ni kwamba chembe za ubongo zinazotengeneza kemikali ya dopamini zinakufa, na bila dopamini amri ya kutikisa kidole inafika ikiwa dhaifu na imechelewa. Dawa inayosaidia zaidi ni levodopa, ila ina saa zake. Inapanda, unakuwa mtu. Inashuka, unaganda. Akiimeza pamoja na mlo wenye protini nyingi inacheleweshwa tumboni. Msongo wa mawazo nao unazidisha kutetemeka, na hebu niambie kuna msongo gani kuzidi watu maelfu wanakupigia kelele. Kwa hiyo ukimwona mwenye ugonjwa huu amesimama na gitaa usiku wa manane, mimi naona saa ya kidonge, saa ya kula, usingizi wa mchana, na mtu pembeni ya jukwaa mwenye maji. Kupanda kwa bahati mbaya hakupo.

Sasa nyimbo zenyewe. Angalia walichomchagulia 2018: "Metal Gods", "Breaking the Law", "Living After Midnight". Zote tatu za British Steel, ya 1980. "Breaking the Law" haina hata solo. Ni rifu, yaani kipande kifupi cha gitaa, iliyonyooka, inajirudia, ngoma imekushika mkono tangu mwanzo. Hawakumpa zile za mbio. Anayesema wanamwonyesha kama sanamu ajiulize kwa nini basi wamchagulie kwa makini hivyo.

Na hii ya ngoma kukushika mkono siyo mafumbo. Wagonjwa wengi hatua zinawagandia mlangoni, ukiwapigia makofi kwa mpigo wanatembea. Kuna asubuhi baba alikaa kitandani robo saa anapambana na kifungo kimoja cha shati. Kidole kinagusa, kinateleza, kinagusa. Nikataka kumsaidia, akanitazama kwa jicho lile. Nikaacha. Akamaliza, nikampa gitaa, nikahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Akaingia. Rifu nzima, mara nane, bila kukosea. Mkono ule ule wa kifungo.

Kwa hiyo ukiirudia ile video, usiutazame mkono wa kulia. Tazama wa kushoto, unapokaa kwenye freti, vile vijichuma vya shingo ya gitaa. Na jina la Tipton liko kwenye utunzi wa nyimbo za Invincible Shield, albamu ya Priest ya 2024. Mwili umechoka, kichwa bado kinatoa rifu.

Kuhusu kumkumbuka alivyokuwa: hilo ni lako, kaka, halina ubaya. Mashabiki wenzangu waliomwambia baba "tulia sasa, umetosha" walimaanisha wema. Alikaa siku nne hasemi na mtu.

NyuziSaba

Dada, asante. Nimekaa na ujumbe wako muda mrefu kabla ya kujibu.

Nimeirudia ile video, safari hii simu nimeilaza kifudifudi mezani, nasikiliza tu. Kisha nikaangalia ile ya Novemba 2022, Los Angeles, walipopewa tuzo na Rock and Roll Hall of Fame, Tipton na K.K. Downing, mpiga gitaa mwenzake wa zamani, jukwaa moja kwa mara ya kwanza tangu Downing aondoke 2011. Pale nilisahau kabisa kutafuta mkono. Nadhani tatizo lilikuwa langu zaidi. Mimi nami nimefika umri ambao vidole vinauma asubuhi, na nisingependa kuona ninakoelekea.

Mzee wako bado anapiga?

BintiWaRidhimu

Anapiga. Tumemlegezea nyuzi, kama walivyosema hapo juu kuhusu Iommi, mikono haichoki haraka. Kidonge saa kumi jioni, saa kumi na dakika arobaini tunaanza. Leo kakosea mwanzo mara mbili, halafu akanigeukia akasema ni mimi ninayehesabu haraka.