Kumpeleka mama Montréal majira ya joto: tamasha la jazi au Nuits d'Afrique?

Mtanga wa Toronto

Habari zenu, ndugu. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 68, atakuja kutoka Tanga kunitembelea, nami nimepata siku tano tu za likizo, ambazo ninaweza kuzichukua mwisho wa Juni au katikati ya Julai. Ninakusudia kumpeleka Montréal kwa treni. Nimesoma kwamba tamasha la kimataifa la jazi hufanyika huko kuanzia mwisho wa Juni hadi mwanzo wa Julai, na kwamba baada yake hufuata tamasha la muziki wa Kiafrika liitwalo Nuits d'Afrique. Nilipomtajia jazi kwenye simu alifurahi sana, kwa kuwa ujana wake wote aliupitisha akisikiliza bendi za nyumbani. Hata hivyo magoti yake hayapatani na ngazi, hawezi kusimama saa nyingi, na hakubali swala impite. Naomba mnishauri twende lipi, tufikie upande gani wa mji, na mchana nimwonyeshe nini ili safari isiwe ya kukodolea majukwaa macho.

Mkazi wa Côte-des-Neiges

Ndugu, mimi ni Mkenya na nimeishi hapa miaka kumi na minne. Ningekuwa wewe ningechagua tamasha la jazi bila kusita. Lilianza mwaka 1980, Ray Charles akiwa miongoni mwa waliopiga mwaka huo wa kwanza, na mwaka 2004 kitabu cha Guinness kililitambua kuwa tamasha kubwa kuliko yote ya jazi duniani. Ukubwa huo usikutishe, kwa maana maonyesho mengi ni ya bure na hufanyika nje, katika eneo moja la katikati ya mji linaloitwa Quartier des spectacles, ambapo barabara hufungwa magari yasipite na watu wakatembea kutoka jukwaa moja hadi jingine. Tiketi hununuliwa kwa maonyesho ya ndani, na kwa mtu mwenye magoti mabovu ningenunua walau moja, katika ukumbi wowote wa Place des Arts, ili apate kiti cha kweli na kiyoyozi.

Kuhusu swala, jua la wakati huo huzama karibu saa tatu kasoro robo usiku, na onyesho kubwa la bure kwa kawaida huanza saa tatu na nusu. Mkifikia hoteli ya karibu, mama ataswali magharibi chumbani kisha ateremke bila haraka. Isha ndiyo huchelewa mno majira hayo. Hilo mlipange wenyewe.

Treni kutoka Toronto huchukua zaidi ya saa tano na hukuleta Gare Centrale, ambayo imeunganishwa na kituo cha metro, yaani treni ya chini ya ardhi, cha Bonaventure. Metro yetu ilifunguliwa mwaka 1966, na waliojenga hawakuwafikiria wazee: vituo vingi havina lifti hadi leo. Bonaventure, Berri-UQAM, Champ-de-Mars na Lionel-Groulx vinazo. Kabla ya kwenda popote tazameni ramani, mwone kama kituo cha kushukia kina alama ya lifti.

Mbukavu wa Saint-Michel

Naheshimu maoni ya ndugu yangu Mkenya, lakini naona amejibu swali la tamasha akalisahau swali la mama. Mama wa Tanga akisikia neno «jazz» hafikirii piano na saksafoni za Wamarekani. Anafikiria Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi za mji wake mwenyewe, ambazo zilijiita jazz huku zikipiga dansi, kama zilivyofanya bendi nyingi za kwetu Kongo na za Afrika Mashariki enzi hizo. Ukimkalisha mbele ya kundi la watu wanne wanaobuni sauti kwa dakika ishirini bila kuimba, atakushukuru kwa adabu, kisha atakuuliza muziki utaanza saa ngapi. Ni kweli kwamba tamasha lile hualika pia wapigaji wa aina nyingine, lakini itabidi uchambue ratiba kama mchele.

Nuits d'Afrique lilianzishwa mwaka 1987 na Lamine Touré, mzaliwa wa Guinea, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amefungua klabu ya Balattou kwenye barabara ya Saint-Laurent. Maonyesho ya klabuni humalizika usiku sana na nafasi ni ndogo, kwa hiyo hayo mwachieni. Mnachokitaka ni siku za mwisho za tamasha, ambapo jukwaa huwekwa nje, bure, hapo hapo Quartier des spectacles, pamoja na vibanda vya chakula na vitambaa. Umati wake ni mdogo kuliko ule wa jazi, na utasikia Kiswahili cha Bukavu na cha Lubumbashi pembeni yako.

Mchana mpeleke Petit Maghreb, katika barabara ya Jean-Talon Mashariki, penye bucha na mikahawa ya halali. Jihadharini na ile nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi ambayo wageni wote huambiwa waionje, kwa sababu huko inakouzwa kwa umaarufu si halali. Bageli za mtaa wa Mile End, yaani mikate ya duara yenye tundu katikati, ni jambo jingine: huchemshwa katika maji ya asali, kisha huokwa kwa moto wa kuni, na mtu aliyezoea mkate wa tanuri atazielewa mara moja.

Msafiri wa Ottawa

Nina neno moja tu, la chumba. Mwaka niliokwenda nilikodi chumba kwa mtu binafsi kuanzia tarehe 1 Julai, bila kujua kwamba siku hiyo nusu ya Québec huhama nyumba, kwa kuwa mikataba mingi ya upangaji huisha tarehe 30 Juni. Nilikuta vitanda barabarani na mwenye chumba hapokei simu. Mkienda wakati huo, chukueni hoteli.

Mkazi wa Côte-des-Neiges

Hoja ya jina «jazz» nimeikubali, Mbukavu amenishinda. Ila, lolote mtakalochagua, msiache kwenda Petite-Bourgogne, umbali mfupi kutoka kituo cha Lionel-Groulx. Ni mtaa wa Weusi waliofanya kazi ya upagazi katika treni, na Oscar Peterson, mpiga piano mashuhuri wa jazi, alizaliwa huko mwaka 1925, baba yake akiwa mmoja wa wapagazi hao. Wakati Marekani ilipopiga marufuku pombe, Montréal iliendelea kuuza, na wanamuziki wakafuata kazi huku. Picha kubwa ya Peterson imechorwa ukutani kwenye barabara ya Saint-Jacques. Soko la Atwater liko karibu, na hapo mama atapata benchi.

Jumapili mchana, chini ya mlima Mont-Royal, watu hukusanyika kupiga ngoma kando ya sanamu ya mwanasiasa George-Étienne Cartier, bila mwaliko wala kiingilio. Ni ngoma kweli, ingawa moshi wa bangi, ambayo ni halali kisheria nchini Kanada tangu 2018, humfikia kila aliyepo. Kaeni upande unakotoka upepo.

Mtanga wa Toronto

Nawashukuru nyote. Jana nilimpigia mama nikamweleza matamasha yote mawili kwa haki, bila kumwelekeza. Aliuliza ni lipi litakuwa na magitaa matatu kwa pamoja. Nimeshakata tiketi za treni za katikati ya Julai, na hoteli nimeipata karibu na Berri-UQAM, kituo chenye lifti.