Walimu wawili wanagombea kiti cha mkuu wa shule, silaha yao ni watoto wetu

Wakuu, mimi si mtu wa kuanzisha nyuzi. Huwa nasoma na kupita. Leo imenishinda, na naandika hasira ikiwa bado ya moto, mnivumilie.

Nina kijana wa miaka 14 anayesoma bweni, shule ya Kikatoliki ya wavulana watupu. Shule siitaji kwa sababu mwanangu bado yuko ndani. Kuna walimu wawili pale, wakongwe wote. Mmoja anafundisha hesabu na ndiye mwalimu wa nidhamu. Mwingine anafundisha fasihi, anasimamia kwaya na kupiga kinanda kanisani. Padri mkuu wa shule yu karibu kuhamishwa, na minong'ono inasema safari hii kiti atapewa mlei, yaani muumini asiye padri wala mtawa. Yote yalianzia hapo.

Wavulana wamewabatiza Chaki na Kinanda. Na wao wenyewe wamegawanywa: huyu wa Chaki, yule wa Kinanda, na kama hujui uko wapi, utajulishwa. Wanaita "kusajiliwa", kama wachezaji wa mpira. Mwanangu alisajiliwa Kinanda kwa kosa moja tu, anaimba sauti ya tatu.

Mazoezi ya kwaya siku zote yalikuwa jioni kabla ya prepu. Ghafla Chaki akaanzisha jaribio la hesabu la kila wiki, saa ileile. Ukienda kwaya unapata sifuri. Ukienda kwenye jaribio, Kinanda anakuvua kanzu na Jumapili unakaa benchi la nyuma ukitazamwa. Baadaye madaftari ya vijana wanne, wote wanakwaya, yakapotea kwenye rundo la kusahihishwa. Yakaja kuonekana nyuma ya kinanda. Chaki anasema mwenzake kayaficha ili amchafue. Mwenzake anasema Chaki kayapeleka mwenyewe. Wote wawili wana ufunguo wa kanisa, sasa wewe amua.

Kisha zikaanza barua zisizo na jina, zinapenyezwa chini ya mlango wa padri. Mwandiko wa mtoto, maneno ya mtu mzima. "Ukiukwaji wa maadili ya taaluma", kijana wa miaka 14 kayatoa wapi maneno hayo?

Najua yametoka wapi, kwa sababu barua moja aliiandika mwanangu. Aliitwa ofisini na Chaki baada ya taa za bweni kuzimwa, akakalishwa, akatajiwa sentensi moja moja kama imla. Kwamba Kinanda anawapa wanakwaya mitihani kabla ya siku yake. Uongo mtupu, na mtoto alijua ni uongo. Aliahidiwa daftari lake litarudi na maksi zikiwa ndani. Akaandika.

Siku mbili hazikupita Kinanda akawa ameshajua. Hakumpiga, wala hakumfokea. Angemfokea ningemwelewa! Alisubiri kwaya yote ikae, akasema kwa ile sauti yake ya upole, "Kati yetu yumo Yuda, nami nimemsamehe." Akamtazama mwanangu, kisha akaanza kupiga wimbo. Tangu usiku ule godoro la mtoto linamwagiwa maji, na bwaloni akikaa meza hii wenzake wanahamia ile. Na huyu ndiye mwalimu mpole, kipenzi cha wazazi, mimi nikiwa wa kwanza kumsifia kila kikao. Chaki ni mkali na ukali wake unaonekana. Huyu mwingine ndiye anayenisisimua mwili.

Nikafunga safari hadi kwa padri. Ukutani kwake ipo picha ya Don Bosco, yule aliyeandika mwaka 1877 kwamba malezi ya vijana yasimame juu ya akili, dini na upendo, na mlezi awe karibu ili kosa lizuiwe kabla halijatendeka. Chini ya picha hiyohiyo naambiwa: "Mama, walimu nao ni binadamu. Mwache kijana aje aungame kwangu, tuyamalize."

Hapo nilichukia kweli. Nimelelewa na masista, Sheria za Kanisa za 1983 nazijua kidogo. Kanuni ya 985 inasema mkuu wa taasisi ya elimu asisikilize maungamo ya wanafunzi wanaoishi humo, isipokuwa mwanafunzi mwenyewe aombe kwa hiari yake. Hoja yake iko wazi, huwezi kuwa hakimu wa mchana na muungamishi wa jioni. Na ya 984 inamkataza mwenye madaraka kutumia katika uongozi dhambi alizozijua kitubioni. Sasa piga hesabu. Mtoto akishayasema kitubioni, padri hawezi kuyagusa tena. Barua, Chaki, Yuda, vyote vinazikwa humo, na padri anahama kwa amani. Simwiti mbaya, huenda amechoka tu. Lakini kitubio si mahali pa kufukia kesi za walimu. Mwalimu anayemwandikisha mtoto uongo usiku ndiye mwenye la kuungama.

Na msiniletee ile ya fahali wawili na nyasi. Nyasi hazilipiwi ada.

Nimemwandikia askofu. Kanuni ya 806 inampa haki ya kusimamia na kutembelea shule za Kikatoliki jimboni mwake, hata zile za mashirika ya kitawa, kwa hiyo nisiambiwe shule ina wenyewe. Ya 796 inawataka walimu wawasikilize wazazi kwa moyo. Nimeomba mambo mawili: watu wa nje waje wazungumze na wavulana mmoja mmoja bila mwalimu yeyote mlangoni, na hawa wawili wasikabidhiwe kiti mpaka hilo liishe. Hata yule atakayeonekana ana afadhali.

Mtakaosema "mtoe mtoto", nilishamwambia Jumapili. Alikataa. Anasema akiondoka sasa, wote watajua ni kweli alikuwa Yuda.

Barua naipeleka mwenyewe kwa mkono wiki hii. Kama una mtoto shule ya aina hii na aliwahi kuitwa usiku kuandikishwa kitu, njoo tuzungumze faragha. Hata kama wako ni wa Chaki.