Gia nyepesi kwa baiskeli yenye mzigo, njia ya Kalya

Msafiri wa Mwandiga: Habari zenu, wadau. Nakusudia kwenda Kalya kwa baiskeli kutoka Kigoma mjini, kupitia Simbo na Ilagala, nikiwa na hema, jiko, chakula na maji. Jumla inakaribia kilo 25. Magurudumu ni ya inchi 26. Mbele kuna sproketi za meno 48, 38 na 28, na nyuma friwili (seti ya sproketi za nyuma) ya gia saba, meno 14 hadi 28. Nikishafunga mizigo, kila kilima chenye kokoto nashuka na kusukuma. Nibadilishe mbele au nyuma?

Fundi wa Ujiji: Ndugu, badilisha kote kuwili. Gia yako nyepesi kabisa ni 28 kwa 28, yaani pedali ikizunguka mara moja, gurudumu nalo huzunguka mara moja na kukusogeza mita 2 hivi. Ukiwa na 22 mbele na 34 nyuma, utasogea kama mita 1.3, na miguu itasukuma kwa takriban theluthi mbili ya nguvu ya sasa. Friwili ikibaki ya gia saba, swichi za usukani hazina haja ya kubadilishwa. Krenki (mikono ya pedali pamoja na sproketi za mbele) nyingi za bei nafuu sproketi zake zimepigwa riveti, kwa hiyo hununui sproketi moja bali krenki nzima, tuseme ya 42, 32 na 22. Angalia pia mkono wa kuhamishia gia wa nyuma: ndio unaokaza cheni inayolegea ukihama gia; sasa unameza tofauti ya meno 34 (20 za mbele na 14 za nyuma), baadaye utatakiwa kumeza 40 (20 na 20), na mkono mfupi hauwezi.

Mkazi wa Sikonge: Naafiki kwa vilima, si kwa mchanga. Kwa gia hiyo, ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika, unakwenda chini ya kilomita 5 kwa saa, na kwenye mchanga wetu wa kiangazi usukani huanza kuyumba kabla miguu haijachoka. Tafuta tairi za inchi 2 au zaidi, upunguze upepo.

Msafiri wa Mwandiga: Nashukuru. Krenki yangu kweli ni ya riveti. Je, cheni ya sasa itatosha?

Fundi wa Ujiji: Kwa urefu itatosha kama ilikatwa sawasawa, maana 48 na 28 ni jumla ileile ya 42 na 34, ila kama imelika itaruka kwenye meno mapya. Ukichukua mpya, izungushe kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye mkono wa gia, kisha ongeza pingili mbili; ikiwa fupi kuliko hapo, siku utakapokosea gia itaung'oa mkono huo. Mkono wa gia wa mbele nao ushushwe, ubaki milimita 1 hadi 3 juu ya meno ya sproketi kubwa.